Mguu wa Kaskazini Mashariki

Tangu wale watu wa nguo nyeupe wapige dawa nyumba yetu, mimi nakula ninachowekewa na kulala ninapoambiwa nilale. Siyo huzuni. Huzuni naijua. Nilimzika mama yangu na kaka zangu wawili, na kila mara nililia kama mtu mwenye akili zake timamu. Safari hii hakuna kitu. Mtu akinisalimu naitikia, akinipa pole naipokea, kisha naendelea kutazama viatu vyake mpaka aondoke.

Mimi ni seremala, hapa juu kilimani Ambositra, ambako kila nyumba ya tatu ina seremala na kila nyumba ya pili ina mtu anayedhani ni seremala. Naitwa Ratsimba, lakini jina hilo halitumiki. Kwetu ukishazaa unaitwa kwa mtoto wako. Mimi ni Baba Fenitra. Fenitra alifariki mwezi wa pili, akiwa na miaka ishirini na minne, na bado mimi ni Baba Fenitra sokoni, kanisani, kisimani. Nilidhani wataacha. Hawakuacha, na mimi sina nguvu ya kuwakataza.

Ilikuwa tauni. Watu wa bondeni wakiisikia wanashangaa, wanadhani ni ugonjwa wa vitabuni. Huku kwetu inakuja na mvua, inachukua mtu mmoja hapa na mwingine pale, kisha inanyamaza. Fenitra alianza kukohoa Jumapili, Jumanne wakambeba kwa machela, Jumatano walikuja kuniambia amefariki. Aliyekufa kwa tauni hakeshewi, haoshwi, havishwi sanda ya hariri. Wanamfunga kwenye mfuko, wanamzika wenyewe, mbali na kaburi la ukoo, na kaburi la ukoo linamsubiri miaka saba. Nilisimama hatua hamsini kutoka shimoni. Walinipimia hizo hatua. Kisha walirudi na mabomba yao wakanyunyiza poda nyeupe nyumba nzima, mpaka kwenye droo za misumari, na wakaondoka.

Karakanani ilibaki meza.

Ni meza ya bebifuti, mpira wa mezani, ile yenye wachezaji wa mbao waliotobolewa kiunoni, unaowazungusha kwa vyuma. Fenitra aliwaahidi vijana wa parokia kwamba watakuwa nayo kabla ya sikukuu ya uhuru, Juni ishirini na sita. Meza yao ya zamani ilikuwa na miguu ya kupigiliwa misumari. Ukumbi wa parokia una mlango mwembamba, aliyeujenga sijui alikuwa anamficha nani, basi kila walipoitoa nje waliiinamisha na kuivuta, na kila sikukuu mguu mmoja ulibaki mlangoni. Na wachezaji wa bebifuti hawachezi, wanapigana na meza. Wanaiegemea, wanainyanyua, wanaitikisa ili mpira urudi. Fenitra akasema atawatengenezea meza ambayo miguu yake inatoka kwa mkono na kurudi kwa mkono, na ikisharudi hata ng'ombe akijikuna hapo haitikisiki.

Alifanya peke yake. Hilo ndilo jambo lenyewe. Vitu vingine vyote alivyowahi kutengeneza, mimi nilivitia mkono. Kiti chake cha kwanza nilikibomoa na kukiunga upya akiwa amelala. Kabati la dada yake nilipunguza milango. Ndivyo nilivyo, nikiona ubao uliokaa vibaya vidole vinawasha. Ile meza alinikataza nisiiguse, akaifanya mchana nikiwa nje kwenye kazi za watu. Ikabaki miguu minne, imeegemezwa ukutani, na ulimi wa kila mguu umechongwa uingie kwenye tundu lake kwenye kona ya sanduku. Kwenye kila mguu aliandika kwa penseli mahali pake: kaskazini mashariki, kaskazini magharibi, kusini mashariki, kusini magharibi. Huku kwetu hatuna kulia na kushoto. Hata punje ya wali ikikuganda usoni, mke wako atakwambia iko shavu la kusini. Na kaskazini ya ile meza ilijulikana, ni goli lililopakwa rangi nyekundu.

Alhamisi, mke wangu Bakoly alikuja akasimama mlangoni mwa karakana. Tangu mazishi yale huwa haingii ndani, anaongea akiwa kizingitini.

"Baba Fenitra, vijana wanakuja Jumamosi."

"Nimesikia."

"Utaifunga miguu?"

"Nitaifunga."

"Funga tu. Usiiguse."

"Nitafungaje bila kugusa, mama? Kwa kuipulizia?"

Hakucheka. "Unajua ninachosema. Randa yako iweke mbali. Hicho ndicho kitu pekee kilichobaki jinsi alivyokifanya yeye. Hatukumwosha. Hatukumvisha. Hiyo meza itoke na miguu yake."

Nilimwambia sawa. Niliona mdomo wake unatetemeka nikatazama kandambili zake. Sikusikia chochote moyoni, na nilijua kwamba nilipaswa kusikia. Nilitaka tu meza itoke ili nipate nafasi ya kuweka mbao.

Ijumaa asubuhi nilianza. Siku ya mwisho tuliyoongea mimi na mwanangu, Jumamosi ile kabla hajakohoa, nilimkuta ameigeuza meza chali juu ya magunia, tumbo juu, anapima miguu kwenye matundu. Nilikasirika. Kwangu meza haigeuzwi. Baba yangu alinifundisha kuipandisha kwenye vigoda virefu ikiwa imesimama, na miguu inaingia kutoka chini.

"Umeilaza kama ng'ombe aliyekufa," nilimwambia.

"Baba, hii ukitaka kuifunga, igeuze kwanza, tumbo juu. Ukiiacha imesimama itakusumbua."

"Miaka thelathini nafunga miguu ya meza ikiwa imesimama kama Mkristo. Wewe umeanza lini kujua kazi? Meza yangu hailazwi."

"Si yako, baba," alisema, tena kwa upole, penseli iko sikioni. "Hii ni yangu."

Nilitoka nje. Niliupiga mlango. Hayo ndiyo maneno yetu ya mwisho, na kama mtu angenipa pole kwa hayo labda ningelia, lakini hakuna aliyeyajua.

Basi nikaipandisha kwenye vigoda, imesimama. Kazi yoyote kwetu inaanzia kona ya kaskazini mashariki, kona ya mababu. Ukijenga nyumba, tofali la kwanza linawekwa hapo. Ukifunga meza, mguu wa kwanza unafungwa hapo. Sikuwaza. Mkono ulikwenda wenyewe ukachukua mguu ulioandikwa kaskazini mashariki, nikainama nikausukuma kwenye tundu la kaskazini mashariki.

Haukuingia. Nikausukuma tena, ukagoma. Nikachukua nyundo ya mbao nikaugonga mara mbili, ncha ya ulimi ikaingia kidogo ikakwama. Nikautoa nikautazama. Ulimi ulikuwa mnene kupita tundu, unene wa kucha.

Nilisema kwa sauti, "Nilikwambia."

Wala sikukasirika. Nilisema kama mtu anayesoma bei. Kisha nikaubana mguu kwenye meza ya kazi, nikachukua randa ya mbao niliyorithi kwa baba, nikapitisha. Nilimkumbuka Bakoly, sitadanganya. Nilimkumbuka na nikasema moyoni kwamba mguu usioingia si mguu, na randa ikaenda. Ilitoa maranda membamba, meupe, ya kujikunja. Upande mmoja, kisha wa pili. Nusu ya neno "mashariki" iliondoka na penseli yake. Nikaujaribu tena, ukaingia safi.

Nikafagia maranda nikayatia kwenye kikapu, nikakiweka kizingitini. Kila siku huwa hivyo, Bakoly anakichukua kwa kuwashia jiko.

Nikachukua wa pili, kaskazini magharibi. Huo ukaingia bila hata kusukumwa. Ulichezacheza tunduni kama jino la mtoto. Mmoja umegoma, mwingine unacheza. Seremala yeyote angesimama hapo. Fundi wa mwaka wa kwanza angesimama. Mimi nilikaa chini kwenye gogo nikatazama meza nzima na sikuwaza kitu, labda saa nzima, mpaka Bakoly akaniita kula.

Tulikula wali na majani na kipande cha samaki mkavu. Tukanywa maji ya ukoko, ya moto, yale yanayochemshwa kwenye sufuria ya wali yenyewe.

"Imekwisha?" aliuliza.

"Haikai."

"Haikai vipi?"

"Miguu haiendani na matundu. Mmoja mnene, mwingine mwembamba. Alikosea vipimo."

Bakoly aliweka kikombe chini. "Fenitra hakukosea vipimo."

"Wewe ni seremala?"

"Mimi ni mtu aliyekuwa anampelekea chai wakati wewe uko kwa watu. Niliiona imefungwa yote minne. Alinipandisha juu yake, mimi na mwili wangu huu, akaniambia mama ruka. Nikaruka. Haikutikisika." Alinitazama. "Umeigeuza?"

"Kuigeuza kwa nini?"

"Alivyokwambia. Nilikuwa kisimani, nilisikia mnavyogombana. Kilima kizima kilisikia. Aliandika majina ya miguu meza ikiwa chali, tumbo juu. Mimi nilikuwa nimemshikia taa ya simu, karakana yako haina dirisha la maana."

Niliendelea kutafuna kwa muda kidogo. Kisha nikaelewa. Ukiilaza meza chali, goli jekundu linabaki kaskazini, lakini mashariki inahamia magharibi na magharibi inahamia mashariki. Hakukosea hata herufi. Aliandika kwa mtu ambaye angefanya kama alivyoambiwa.

"Maranda yako wapi?" niliuliza.

"Maranda gani?"

"Ya leo. Ya kwenye kikapu."

Alinyoosha mkono kuelekea jikoni. "Nimewashia jiko. Si ndiyo ya kuwashia?" Kisha akaniangalia usoni, akaangalia mikono yangu, akaangalia kikombe chake. "Baba Fenitra. Maranda ya nini?"

Nilisimama nikaenda karakanani, na safari hii alinifuata, akavuka kizingiti, akaingia mpaka ndani. Aliuona mguu uliopitishwa randa. Aliusoma, kaskazini mash, na hapo neno limekatika. Nilingoja anipige. Ningefurahi angenipiga.

"Shika upande wa kusini," ndicho alichosema.

Niliichomoa ile miguu miwili, tukaishusha meza kutoka kwenye vigoda, tukatandika magunia yale yale, tukailaza chali. Ilikuwa nzito, Bakoly alihema. Nikachukua mguu wa kusini mashariki nikauweka mahali ulipoandikiwa. Nikagonga kwa ngumi, mara moja. Ukaingia mpaka shingoni ukatulia, na hewa ikatoka tunduni ikilia. Sijawahi kuchonga ulimi unaolia hivyo. Baba yangu aliwahi, mara mbili, na alisimulia mpaka anakufa. Kusini magharibi, vilevile. Kaskazini magharibi, ule ule uliokuwa unacheza asubuhi kwa sababu niliuweka pasipo pake, ukaingia ukalia. Ukiukamata na kuuvuta, unajisikia unavuta mti ulioota.

Kisha nikachukua ule wa kwanza. Niliuweka kwenye tundu lake, lile alilolichonga kwa ajili yake, ukaingia bila sauti na ukaanza kucheza.

Hapo ndipo huzuni iliponijia. Mnajua mguu uliokufa ganzi kwa kukaliwa, unapoanza kuamka, unavyouma kuliko ulivyokuwa umekufa. Ilianzia mikononi. Nilikuwa nimeshikilia ule mguu na sikuweza kuuachia, na nilisikia mtu analia kwa sauti mbaya, nikadhani ni jirani, kumbe mimi. Nilimlilia mwanangu Fenitra kwenye sakafu ya karakana, mwezi wa nne tangu afe, saa saba mchana, majirani wakisikiliza. Nilisema nimekukata. Nilisema uliniambia. Bakoly alikaa juu ya magunia akaniwekea mkono mgongoni na kulia kwa upande wake, taratibu, kama mtu ambaye alikuwa anaendelea na kazi aliyokwisha kuianza zamani.

Tulipomaliza alijifuta uso kwa kitambaa cha kichwani.

"Chonga mwingine," alisema. "Mbao unazo. Uandike maneno yake. Hakuna atakayejua."

"Ulisema meza itoke na miguu yake."

"Nilisema. Lakini huo umeshaharibika, baba, na vijana watauegemea."

"Itatoka na huu."

"Itaanguka na huu!"

Nilichukua randa ya baba yangu. Nikagonga kisigino chake, ile kabari inayobana chuma ikalegea, nikaichomoa. Chuma kikaanguka mezani. Ni kabari ya mti mgumu, nyeusi kwa jasho la baba na jasho langu, na bila hiyo randa ni gogo tu lenye tundu. Nikaipima kwenye nafasi niliyoiacha kati ya ulimi na tundu. Nikaipunguza kwa patasi, kabari, siyo mguu, nikaigonga taratibu mpaka ikaacha kuingia. Nikauvuta mguu. Haukulia kama wenzake, lakini ulisimama. Bakoly akauvuta na yeye. Kisha tukaigeuza meza ikasimama, akapanda juu na mwili wake, akaruka. Haikutikisika.

Randa niliirudisha rafuni hivyo hivyo, mdomo wazi.

Jumamosi asubuhi walikuja na mkokoteni, Mamisoa, ambaye ni kiongozi wa vijana, na Lova, msichana wa kwaya ambaye mdomo wake haujawahi kupumzika tangu azaliwe. Waliingia kwa unyenyekevu wa kwenye msiba, wametazama chini. Lova alivumilia kama dakika moja.

"Baba Fenitra, naruhusiwa kuigusa?"

"Iguse."

Akaikamata meza kwa mikono miwili akaitikisa, akaipiga nyonga, akainyanyua upande mmoja. "Mamisoa, njoo. Njoo uone. Hii kitu imeota ardhini!"

"Wewe ukishindwa kuivunja basi imepona," Mamisoa alisema.

"Nyamaza, mfungwa mabao. Na miguu inatoka? Kwa mkono?" Alikuwa ameshapiga magoti, anachungulia kwenye kona. "Hii ya huku ina kabari nyeusi. Zile nyingine hazina. Hii nayo ni ya kazi gani, baba?"

Mamisoa alimfinya. Bakoly alikuwa kizingitini na mkungu wa ndizi aliotaka kuwapa, akasimama bila kuuweka chini.

Ningeweza kusema ni urembo. Ningeweza kusema Fenitra hakumaliza vizuri, nikammalizia, na wangeitikia, maana ndivyo nilivyokuwa nikisema kwa kila kitu chake, na kilima kizima kilizoea.

"Miguu yote minne ni ya Fenitra," nilisema. Lilikuwa jina ambalo nilikuwa sijalitamka mbele ya mtu tangu mwezi wa pili. "Hakukosea hata mmoja. Huo niliukata mimi kwa ujuaji. Kabari ni yangu."

Lova alipeleka kidole kwenye neno lililokatika akakipitisha juu yake, polepole, kisha akauliza kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo, "Tukifika pale mlangoni tutaitoa miguu. Tukishaingia ndani tutaifungaje, baba?"

"Someni alivyoandika. Anzeni kaskazini mashariki," nilisema. "Lakini mkitaka kuifunga, igeuzeni kwanza..."

Sauti ikakatika. Nilijaribu tena, ikakataa.

"Tumbo juu," Bakoly alisema kutoka kizingitini. "Mkiiacha imesimama itawasumbua."